Uzi: Gari moja, dereva wa sentimita 153 na dereva wa sentimita 188. Tupime nini kabla ya kununua?

#1 Kimara_Mwisho

Wakuu, naomba mwongozo wa kina. Linatafutwa gari la familia yenye madereva wawili wanaopokezana kila siku. Mama ana sentimita 153, baba ana 188. Liwe otomatiki, mtumba wa Japani, injini isizidi cc 2000, viti vitano, na nyuma kutafungwa kiti cha mtoto. Ukiuliza kwenye yadi jibu ni moja tu, "chukua gari kubwa". Sitaki jina la gari peke yake, nataka kujua vitu vya kupima.

#2 Kipimo_Sahihi

Mkuu, ukubwa wa bodi hausaidii kitu kama kiti na usukani havirekebishiki. Angalia mambo manne: kiti kinasogea mbele na nyuma kwa kiasi gani, kinapanda na kushuka au kimeganda, usukani unapanda na kushuka tu au pia unavutika kuja kwa dereva, na mkanda una kirekebisho cha juu kwenye nguzo ya mlango au umefungwa sehemu moja tu.

Hilo la tatu ndilo linalochuja magari. Usukani wa kupanda na kushuka upo karibu kila gari la Japani la miaka ya 2000 na kuendelea. Wa kuvutika, ambao mafundi huuita teleskopiki, haumo kwenye magari mengi madogo. Kwa madereva waliopishana sentimita 35, huo ndio wa lazima. Karibu nusu ya tofauti yao ya kimo iko miguuni, kwa hiyo mama atasogeza kiti mbele kama sentimita 15 hadi 17 kuliko baba ndipo aikanyage breki mpaka mwisho. Kifua chake nacho kinasogea sentimita hizo hizo kuelekea kwenye eabegi, yaani mfuko wa hewa ulio ndani ya usukani. Usukani usiovutika unabaki palepale: kwa mama uko karibu mno, kwa baba uko mbali mno. Wa teleskopiki mama anausukuma kuelekea dashibodi, baba anauvuta. Nafasi yake ni ndogo, kwa kawaida sentimita 3 hadi 5, lakini ndizo zinazookoa.

Halafu acheni kutumia kimo cha kusimama peke yake. Watu wawili wa sentimita 175 wanaweza kuhitaji viti tofauti kabisa, mmoja ana miguu mirefu, mwingine kiwiliwili kirefu. Kila dereva apimwe mara mbili. Kwanza akae kwenye stuli ngumu, mgongo ukutani, pima kutoka kwenye stuli hadi utosini. Kisha akae sakafuni, mgongo ukutani, mguu umenyooka, pima kutoka ukutani hadi unyayoni. Kipimo cha kwanza kinahusu paa na kuona mbele. Cha pili kinahusu reli ya kiti.

#3 Nyundo_Kubwa

Chukueni Prado au Noah mambo yaishe. Mfupi anaona barabara yote, mrefu hagusi paa.

#4 Bi_Usukani

Kaka Nyundo, urefu wa gari kutoka ardhini na urefu wa kiti kutoka sakafu ya gari ni vitu viwili tofauti. Dereva wa sentimita 153 akipanda gari ambalo kiti kiko juu sana ya sakafu, kisigino hakitulii. Mguu unaning'inia, ukingo wa kiti unambana nyuma ya paja, na baada ya saa moja kwenye foleni mguu unakufa ganzi. Mguu usiotulia kwa kisigino hauwezi kupima breki kwa upole.

Kuna na urefu wa makalio ya kiti, yaani kutoka mgongo wa kiti hadi ukingo wa mbele. Magari makubwa ya kifahari huwa na makalio marefu kwa ajili ya mapaja marefu. Mfupi akikaa mpaka nyuma kabisa, ukingo unamgusa nyuma ya goti, kwa hiyo anajisogeza mbele na mgongo unabaki hewani. Akiwa amekaa sawasawa, vidole viwili au vitatu vipite kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti. Vikikosa nafasi, gari hilo si la kwake hata liwe zuri namna gani.

Na Prado haina injini ya chini ya cc 2000, mleta uzi ameshaweka mpaka wake.

#5 Kimara_Mwisho

Nimewaelewa. Sasa tukifika yadi na madereva wote wawili, tunaanzia wapi?

#6 Kipimo_Sahihi

Anzeni na mfupi, kwa sababu kwake kuna kipimo cha usalama kisichojadiliwa: kutoka katikati ya usukani hadi mfupa wa kifua zisipungue sentimita 25. Eabegi hufumuka kwa nguvu kubwa mno katika sentimita chache za mwanzo, na aliye karibu kuliko hapo anaweza kuumizwa na kifaa kilichowekwa kumlinda. Nendeni na futi ya fundi cherehani.

Utaratibu ni huu, na usipinduliwe. Injini iwake, gia iwe P, hendibreki juu. Injini ikiwa imezimwa, busta ya breki, yaani kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga, inaishiwa nguvu baada ya kukanyaga mara mbili tatu, pedeli inakuwa ngumu kama jiwe na mtu anadhani amefika mwisho kumbe bado.

Akae makalio yamezama mpaka nyuma. Kiti apandishe kwanza, kabla ya kusogeza mbele, kwa kuwa viti vingi vikipanda husogea mbele kidogo vyenyewe. Macho yawe juu ya ukingo wa juu wa usukani kwa sentimita 8 hivi. Sasa asogeze mbele mpaka akanyage breki hadi mwisho na goti bado limekunjika kidogo. Goti lililonyooka kabisa ni hatari kwenye ajali, nguvu yote inapanda hadi nyongani.

Mgongo wa kiti ausimamishe, kisha mabega yakiwa yamegusa kiti anyooshe mkono: kifundo cha mkono kitue juu ya ukingo wa usukani. Hapo ndipo usukani unarekebishwa, ushuke hadi eabegi itazame kifua, siyo uso. Mpime zile sentimita 25. Zikipungua, asukume usukani mbele. Zikiendelea kupungua, alaze mgongo wa kiti kidogo, ila macho yakishuka chini ya kile kipimo cha 8 inabidi kiti kipande tena. Gari ambalo halimpi 25 baada ya yote hayo, liacheni.

Mkanda upite katikati ya bega na juu ya mifupa ya nyonga. Ukipita shingoni, shusha kirekebisho cha kwenye nguzo. Kiegemeo cha kichwa juu yake pawe sawa na utosi, nacho kiwe karibu na kisogo. Vioo mwisho kabisa, maana kila kilichotangulia hubadilisha macho yalipo.

#7 Mlingoti

Kwa upande wa warefu, watu hukagua paa tu. Paa ni rahisi: kiti chini kabisa, mgongo umesimama anavyoendesha, vidole vinne vilivyolazwa vipite kati ya nywele na paa. Barabara zetu zina matuta, kichwa kinachokaribia paa kitaligonga. Gari lenye kioo cha paa hupunguza sentimita kadhaa, kwa hiyo gari la aina ileile lisilo nacho linaweza kumfaa mtu ambaye lenye nacho limemkataa.

Yanayosahaulika ni haya. La kwanza, nguzo ya katikati. Mrefu akirudisha kiti hadi mwisho, bega lake linaingia nyuma ya nguzo ya mlango. Akigeuza kichwa kulia kwenye makutano anaona chuma badala ya pikipiki. Bodaboda wanavyopita kila upande, hilo litoshe kukataa gari.

La pili, ukingo wa juu wa kioo cha mbele. Gari lenye kioo kifupi, au lililobandikwa utepe mweusi juu, linamlazimisha mrefu kuinama kila akisimama wa kwanza kwenye taa. Utepe unabanduka, kioo hakirefuki.

La tatu, goti la kulia na usukani. Mguu uhame kutoka pedeli ya mafuta kwenda breki bila paja kugusa ukingo wa usukani wala goti kugonga sehemu ya ufunguo. Afanye hivyo mara nyingi, haraka, akiwa amevaa viatu vyake vya kila siku, maana kiatu namba 46 kinaweza kunasa pedeli mbili kwa pamoja kwenye magari yenye pedeli zilizobanana.

Baada ya hapo, kiti kikiwa mahali pa baba, nendeni nyuma yake na kiti cha mtoto mkononi. Kile cha kumtazamisha mtoto nyuma ndicho kinachokula nafasi nyingi. Kwenye gari dogo hakitaingia nyuma ya mtu wa 188. Kifungeni kushoto, nyuma ya abiria wa mbele, ambako pia mtoto anashushwa upande wa pembezoni mwa barabara.

#8 Mzigo_Bandarini

Kwa mpaka wako wa cc 2000, haya yanastahili kukaguliwa.

Honda Fit ya GE (herufi hizi ni msimbo wa kizazi cha gari; 2007 hadi 2013) na GK iliyofuata. Usukani unavutika na nyingi zina leva ya kupandisha kiti. Tenki la mafuta limewekwa chini ya viti vya mbele, ndiyo maana nyuma kuna nafasi isiyotarajiwa kwa gari la ukubwa ule. Gharama yake ni kwamba kiti cha mbele hakishuki sana, hivyo mrefu wa kiwiliwili ajaribu kwanza.

Subaru Forester SH (mwishoni mwa 2007 hadi 2012) ya cc 2000 ina paa la juu, usukani unavutika, vioo vikubwa. Kwa madereva waliopishana sana ningeanzia hapa. Nissan X-Trail T31 na Dualis nazo usukani unavutika.

Mazda CX-5 ya 2012 kuja juu na Demio ya DJ ya 2014 kuja juu: usukani unavutika, na pedeli ya mafuta imefungwa sakafuni, siyo kuning'inia, kwa hiyo kisigino na unyayo vinapumzika juu yake kwa mguu mfupi na mrefu. Pedeli ziko mbele ya dereva moja kwa moja, hazijasukumwa pembeni na uvimbe wa gurudumu. Ila Demio nyuma ni finyu, kwa familia hii chukueni CX-5 ya cc 2000.

IST ya kwanza, Vitz za mwanzo na Passo zina usukani wa kupanda na kushuka tu. IST ya kwanza na Vitz ya 1999 hadi 2005 zina mita katikati ya dashibodi, kwa hiyo ukingo wa usukani haumzibi mtu yeyote namba za mwendo. Ni sifa ya kweli, lakini haitibu umbali wa kifua. Ni magari mazuri kwa watu waliokaribiana kimo.

Volkswagen Golf tangu kizazi cha 5 zina usukani wa kuvutika na kiti cha kupanda. Za Ulaya zilitangulia kwenye hili.

Angalizo: jina la gari halitoshi. Aina moja, mwaka mmoja, gredi ya chini inaweza kukosa leva ya kiti. Usilipe kabla hujaiona leva yenyewe.

#9 Pwani_Nyali

Ndugu zangu wa Kenya wanaosoma uzi huu wakumbuke kuwa kwetu mtumba uliozidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza hauingii nchini. Kwa hiyo GE, SH na T31 mtazipata tu kwa kununua zilizokwisha kuwa hapa. Kwa kuagiza, tazameni Fit ya GK na Demio ya DJ za mwisho, na CX-5 ya kizazi cha pili, zile ambazo bado zimo ndani ya miaka hiyo 8.

#10 Tabata_Juu

Je, mtu akishakuwa na IST tayari? Kuna mafundi wanainua kiti kwa vipande vya chuma chini ya reli, wengine wanatoboa sakafu na kurudisha reli nyuma kwa ajili ya mrefu. Inafaa?

#11 Fundi_Viti

Haifai, na sababu ieleweke. Kifungio cha mkanda kwenye magari mengi kimefungwa kwenye kiti chenyewe. Gari likigonga, uzito wa dereva unavuta mkanda, mkanda unavuta kiti, kiti kinavuta bolti nne. Ukiweka vipande vya chuma, bolti inakuwa ndefu na nguvu inaipinda badala ya kuivuta. Ukitoboa tundu jipya, umefunga kiti kwenye bati jembamba. Kiwandani wameongeza bati nene pale tu penye matundu ya awali. Bati jembamba linachanika na kiti kinaondoka na mtu.

Kinachoruhusiwa ni kurejesha kiti katika hali yake. Kwanza sponji. Kiti cha dereva cha gari la miaka 15 kimedidimia, mara nyingi zaidi upande wa mlangoni, na mfupi amepoteza sentimita mbili au zaidi za kuona mbele. Tafuta sponji nzima ya kiti cha aina hiyohiyo, au fundi ajaze palipozama kwa sponji nzito. Sponji laini ya godoro inalala ndani ya wiki chache. Asiongeze unene kuliko wa kiwandani, maana huo unamla mrefu paa.

Pili reli. Kiti kinachoishia njiani wakati reli bado ni ndefu, mara nyingi kuna sarafu, kokoto au kizibo cha soda. Fyonza vumbi, piga brashi, paka grisi nyeupe ya lithiamu kidogo. Usipake oili ya injini, inakusanya mchanga na baada ya muda reli inagoma kabisa. Ukimaliza, kaa, achia leva, jisukume mbele na nyuma kwa nguvu. Reli zote mbili zinatakiwa kulia "tak". Kiti kikikaa mshazari au upande mmoja ukicheza, waya unaounganisha kufuli mbili umelegea au umekatika. Gari hilo lisiendeshwe, kwa sababu kiti kinaweza kuteleza nyuma ukiwa unapanda mlima na mguu ukaiacha breki.

Tatu kipandishio. Leva ikipampu bila kiti kupanda, au kiti kikishuka chenyewe polepole, meno ya ndani yameisha. Usichomelee. Badilisha fremu nzima kwa kiti cha gari lenye msimbo uleule wa chasisi. Kuna faida hapa: kama gredi ya juu ya gari lako ilikuwa na kipandishio, kiti chake mara nyingi kinaingia kwenye matundu yaleyale bila kutoboa chochote. Kwa mwenye IST hiyo ndiyo njia ya heshima.

Kabla ya kufungua kiti, zima swichi, toa terminali hasi ya betri na subiri. Toyota husema sekunde 90, Nissan dakika 3. Chini ya kiti mara nyingi kuna soketi za njano, hizo ni za eabegi ya ubavuni na kikaza mkanda. Ukiwasha swichi huku zimechomolewa, taa ya SRS, yaani ya mfumo wa eabegi, itawaka na mara nyingi haitazimika mpaka ifutwe kwa mashine.

#12 Bi_Usukani

Niongezee kuhusu kava na mito, kwa sababu ndipo madereva wafupi wanapoumia zaidi. Kava za kushonwa zinazofunika kibandiko cha "SRS AIRBAG" ubavuni mwa kiti zinaizuia eabegi isitoke. Mwambieni fundi aache ubavu wazi. Mto laini wa kukalia ni hatari nyingine: gari likigonga, mto unabonyea, mwili unateleza chini ya mkanda, na mkanda unapanda kutoka nyongani kwenda tumboni. Mto mgumu wenye umbo la kabari, mpira chini usioteleza, si zaidi ya sentimita 5, unavumilika kwa muda tu. Msifunge vipande vya mbao kwenye pedeli kamwe.

Na kapeti. Kapeti moja, iliyonaswa na ndoano zake. Kurundika mbili ili kisigino cha mfupi kipate urefu ni kutafuta pedeli ya mafuta ikwame. Mwaka 2009 Toyota walirudisha mamilioni ya magari Marekani kwa sababu ya kapeti kunasa pedeli hiyo.

#13 Gia_ya_Tano

Kwa wanaofikiria gia za mkono: klachi inabadilisha hesabu. Safari yake ni ndefu kuliko ya breki, na lazima ifike sakafuni. Mfupi atasogeza kiti mbele zaidi kuliko angefanya kwenye otomatiki ileile, na zile sentimita 25 za kifua zinazidi kuwa ngumu. Mleta uzi ameamua vizuri kubaki na otomatiki.

#14 Kimara_Mwisho

Swali la mwisho wakuu. Kupokezana kila siku kutachosha, kila mtu anaanza upya. Na gari likiagizwa kwa mtandao, wakala aombwe nini kabla ya malipo?

#15 Kipimo_Sahihi

Viti vya umeme vyenye vitufe vya kumbukumbu 1 na 2 vipo kwenye gredi za juu, na kwa familia hii vina thamani kuliko rimu nzuri. Betri ikitolewa, baadhi ya magari hupoteza nafasi zilizohifadhiwa, kwa hiyo ziwekeni upya. Kiti cha mkono: sukuma mbele kabisa, rudi nyuma ukihesabu mlio wa kufuli, kila dereva akariri namba yake. Kipandishio vilevile, kutoka chini kabisa hesabu mapigo ya leva. Usukani pigeni alama ndogo ya rangi kwenye kava la shina lake. Anayekuta kiti cha mwenzake arekebishe kabla ya kuondoka, na vioo vyote vitatu, siyo cha ndani tu.

#16 Mzigo_Bandarini

Kwa wakala, karatasi ya mnada haitakwambia kama usukani unavutika. Omba picha ya ubavu wa kiti cha dereva upande wa mlango, leva ya kupandisha na ya mgongo zionekane zote mbili. Omba video fupi ya mtu akifungua leva chini ya usukani na kuuvuta kuja nyuma, maana picha ya leva haitofautishi wa kuvutika na wa kushuka tu. Omba picha ya nguzo ya mlango, kirekebisho cha mkanda kionekane, na picha ya paa kwa ndani.

Kisha aweke kiti chini kabisa na kukirudisha mwisho, apime kutoka katikati ya makalio ya kiti wima hadi kwenye paa. Linganisha na kipimo cha baba cha kwenye stuli. Zikilingana au ya gari ikizidi, kuna matumaini, kwa sababu sponji hudidimia na mgongo hulala kidogo. Ya gari ikipungua kwa zaidi ya sentimita 3, mwambie atafute jingine.